Mwendokasi: mpango unahesabu kilomita, abiria anahesabu dakika

Ukizungumzwa mpango wa mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam, kinachotajwa kwanza ni kilomita. Awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ni kama kilomita 21. Awamu ya pili, Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, nayo ni zaidi ya kilomita 20. Awamu zote ziko sita. Kilomita ni kipimo kizuri kwa mkandarasi. Kwa mtu aliyesimama kituoni saa 12 na nusu asubuhi hakina msaada. Yeye ana maswali mawili tu: basi linakuja lini, na likija, nitaingia?

Tutende haki kwanza. Wazo lenyewe ni zuri sana. Basi lina njia yake, hivyo haligombanii barabara na magari madogo. Tiketi unakata kabla ya kupanda. Sakafu ya basi iko sawa na jukwaa, kwa hiyo mzee au mama mwenye mtoto hapandi ngazi. Vyote hivi vinapunguza muda ambao basi linasimama kituoni. Jiji lilipopewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018, halikupewa bure.

Tatizo liko kwenye kitu ambacho hakionekani kwenye ramani, yaani pengo la muda kati ya basi moja na linalofuata. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Kama basi linatumia dakika 90 kwenda na kurudi, mabasi 30 yatakupa pengo la dakika 3. Yapunguze yawe 15, pengo linakuwa dakika 6. Sasa vituo vimejaa, watu wanasukumana mlangoni, mzunguko unafika dakika 120. Mabasi ni yaleyale 15, lakini pengo limeshakuwa dakika 8.

Hapo ndipo awamu ya kwanza ilipoanzia. Huduma ilianza Mei 2016 kama huduma ya mpito, ikiwa na mabasi 140, wakati mpango kamili ulihitaji 305. Huo ni upungufu wa zaidi ya nusu. Mbagala nako njia ilitangulia, mabasi yakaja baadaye sana. Na karakana ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi, ambako mvua kubwa ikinyesha maji hujaa na njia hufungwa. Ukitazama kwa jicho la kilomita, haya ni matukio matatu tofauti. Kwa jicho la pengo ni kosa moja: tulipanga barabara kwa umakini, mabasi tukayaachia siku zijazo.

"Basi nunueni mabasi mengi, yaishe." Ni kweli yanahitajika, lakini hayatoshi, na hapa sayansi ina jambo la kushangaza kidogo.

Tuseme basi linapita kila dakika 10 kwa wastani. Yakipita kwa mpangilio, wewe unayefika kituoni muda wowote utasubiri kama dakika 5. Sasa tuseme pengo moja ni dakika 18, linalofuata dakika 2. Wastani bado ni dakika 10, na meneja akisema hivyo kwenye taarifa hadanganyi. Lakini wastani wa kusubiri umepanda hadi dakika 8.2. Kwa nini? Kwa sababu watu wengi wanafika ndani ya lile pengo refu. Wakifika watu 10 kila dakika, 180 watalipigania basi la kwanza, na 20 watakaa kwa raha kwenye la pili. Abiria 9 kati ya 10 wameonja huduma mbaya, huku takwimu ikionyesha mambo shwari.

Na mabasi hujikusanya yenyewe, bila uzembe wa dereva. Basi likichelewa kidogo, linakuta watu wengi zaidi, linasimama muda mrefu zaidi, linazidi kuchelewa. La nyuma yake linakuta watu wachache, linawahi, mwishowe yanafuatana kama kumbikumbi. Newell na Potts walilieleza jambo hili kihisabati tangu mwaka 1964. Ukiongeza mabasi bila kusimamia mapengo, unaweza kuishia na misafara mirefu zaidi.

Kwa hiyo tunaukosoa mpango huu hasa kwa kipimo chake. DART, wakala ulio chini ya TAMISEMI, inapaswa kuwaambia wananchi pengo la kila njia, kila saa, na limetofautiana kiasi gani. Mtoa huduma apimwe kwa hilo, siyo kwa idadi ya mabasi aliyoyapokea bandarini. Na msimamizi awe na mamlaka ya kulizuia basi kituo cha mwanzo kwa dakika mbili tatu ili mapengo yalingane. Abiria waliomo ndani watanung'unika, ndiyo. Mazoea ya daladala yametufundisha kwamba gari likijaa, liondoke. Lakini wakielezwa sababu wataelewa, maana kesho wao ndio watakuwa nje kituoni.

Huna haja ya kungoja taarifa rasmi. Chukua simu, kaa kituoni, andika saa ya kila basi linalopita uelekeo wako hadi upate mabasi kumi na moja. Utakuwa na mapengo kumi. Zidisha kila pengo kwa lenyewe, jumlisha majibu, kisha gawanya kwa mara mbili ya jumla ya mapengo yote. Huo ndio wastani wa dakika ambazo abiria wa kituo hicho anasubiri, kabla hata ya kuhesabu wale walioshindwa kuingia. Ufanye asubuhi, urudie saa nane mchana, halafu tuandikie namba zako hapo chini pamoja na jina la kituo.