Upepo Kwanza, Fuawe Baadaye: Kufungua Karakana ya Uhunzi Kangari

Mtu akiamua kufungua karakana ya uhunzi nyuma ya nyumba, swali la kwanza huwa ni fuawe atalitoa wapi. Kangari, mji mdogo wa wakulima wa chai katika kaunti ya Murang'a, swali hilo linaweza kungoja. Mhunzi wa huku hataishi kwa mageti na madirisha. Kazi hiyo imeshachukuliwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, na wanaifanya kwa kasi ambayo nyundo haiifikii. Kilichobaki kwake ni makali: kisu cha kupogolea chai, shoka, tindo ya fundi wa mawe, jembe lililolika hadi likabaki nusu. Makali hutokana na joto lililodhibitiwa, kwa hiyo hesabu yote ya karakana inaanzia motoni.

Wahunzi wa zamani wa Agikuyu walilijua hilo. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine walieleza kazi yao katika kitabu walichokichapisha 1910, na Jomo Kenyatta akairudia kwa undani katika Facing Mount Kenya, 1938. Chuma kilitoka kwenye mchanga mweusi uliooshwa mtoni, kikayeyushwa kwa mkaa. Upepo ulitoka kwenye viriba vya ngozi ya mbuzi. Viriba vilikuwa viwili, vikisukumwa kwa zamu ili upepo usikatike, na ulipita kwenye bomba la udongo hadi katikati ya mkaa. Chuma cha kigeni kilipofika, kuyeyusha mchanga kukafa, kwani nani angeosha mchanga wiki nzima ilhali sokoni kuna chuma tayari? Lakini mpangilio wa moto wenyewe haujabadilika hata kidogo.

Leo kiriba kimebadilishwa na gurudumu la baiskeli. Linavuliwa tairi, linafungwa kwenye fremu ya mbao, kisha mkanda uliokatwa kutoka tyubu kuukuu unapitishwa kwenye rimu hadi kapi dogo la feni. Rimu ikiwa na kipenyo cha sentimita 60 na kapi sentimita 5, kila mzunguko mmoja wa mkono unaizungusha feni mara 12. Kangari iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya tano, kwa hiyo feni inayotosha Mombasa itabidi izungushwe kwa kasi zaidi hapa. Wengi watasema afadhali feni ya umeme. Mimi nasimama na gurudumu. Mkono ukiacha kuzungusha, upepo unakoma, na mkaa hauteketei bure wakati fundi yuko kwenye fuawe akigonga. Mwenye kushikilia umeme basi aweke kizibo cha kupunguza upepo kwenye bomba, la sivyo gunia la mkaa litamwishia kabla ya wiki.

Bomba lenyewe ndipo watu wanapojiumiza. Paipu iliyo karibu na kila mtu ni ile ya maji, iliyopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, na moto wa mhunzi unavuka kiwango hicho bila taabu. Moshi mweupe unaotoka humletea mtu homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye, naye akadhani ni malaria. Ncha inayogusa moto na iwe ya udongo. Udongo mwekundu wa huku unafaa, ila ukitumiwa peke yake hupasuka ukikauka. Uchanganywe na mchanga au matofali yaliyosagwa, pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha uachwe ukauke polepole. Kazi hii ifanywe Januari au Februari. Kwenye ukungu wa Julai udongo hautakauka, na kuukausha kwa moto wa haraka ni kuupasua.

Udongo huohuo unatandikwa ndani ya dramu kuukuu ya breki ya lori, na hapo jiko limepatikana. Kina cha mkaa juu ya bomba kiwe shubiri moja hivi. Mkaa ukiwa mchache, hewa inafika kwenye chuma kabla oksijeni yake haijaisha, na chuma kinavaa magamba na kulika. Mkaa wa miwati ni mzuri kwa kazi hii, uvunjwe vipande vya ukubwa wa kiberiti. Bei yake haitabiriki: serikali ilipozuia ukataji miti Februari 2018, mkaa ulipanda, na zuio halikuondolewa hadi Julai 2023. Mwenye miwati michache shambani ana faida hapa kuliko mwenye fuawe la kutoka Uingereza.

Fuawe, basi. Kipande chochote cha chuma kigumu chenye uzito wa kilo 30 na zaidi kinatosha kwa nyundo ya kilo moja. Kisimikwe juu ya gogo lililozikwa ardhini, na uso wake ufike kwenye vifundo vya vidole vya fundi aliyesimama na kukunja ngumi. Ekseli nene ya lori iliyosimamishwa wima inafaa sana. Kipande cha reli kinasifiwa duniani kote, lakini hapa Kenya ningekiepuka. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka anayefanya biashara hiyo awe na leseni, na Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara nzima hadi Mei. Asiyeweza kueleza reli yake ilitoka wapi asiiweke uani. Springi za lori anunue gereji na kudai risiti. Shoki za gari asizitie motoni kamwe. Zimefungwa na mafuta ndani, na hulipuka.

Springi hizo ndizo malighafi ya makali. Nondo haina kaboni ya kutosha kukazwa, springi inayo, karibu asilimia 0.6. Kisu kikishafuliwa, kinapashwa moto hadi sumaku ikatae kukishika, karibu nyuzi 770, kinapitishwa kidogo zaidi ya hapo, kisha kinatumbukizwa kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo, ndani ya ndoo ya chuma yenye kifuniko. Plastiki hapana. Ukipitisha tupa juu yake inateleza kama juu ya kioo. Hapo kisu ni kigumu, na ni chepesi kuvunjika vilevile.

Ili kisivunjike ovyo, kinapashwa tena polepole, na joto linasomwa kwa rangi zinazotokea juu ya chuma. Kusugua kwa jiwe hadi chuma kiwe cheupe ni lazima, vinginevyo rangi hizo hazitaonekana. Mgongo wa kisu unawekwa juu ya kipande kinene cha chuma chenye moto, na rangi zinaanza kupanda kuelekea makali: manjano hafifu, hudhurungi, zambarau, buluu. Kisu cha kupogolea kinakata shina gumu la chai, kwa hiyo kisimamishwe kwa maji hudhurungi inapoanza kugeuka zambarau. Shoka na tindo ziachwe zifike zambarau iliyoiva au buluu, kwa sababu zinapigwa.

Hapa ndipo mhunzi na fundi wa kuchomelea wanapohitajiana. Fundi akichomelea ukanda wa springi kwenye jembe lililolika, akauacha upoe ghafla kwenye baridi ya Kangari, mwenye jembe atarudi nalo limekatika kando ya mshono. Joto la mashine limepafanya pale pagumu kuliko panavyostahimili. Likipitia kwa mhunzi, likapashwa jekundu na kuachwa lipoe polepole ndani ya majivu, kisha makali yakakazwa peke yake, linarudi shambani.

Bei ihesabiwe kwa mara ambazo chuma kinaingia motoni, si kwa ukubwa wake. Kila mara ina mkaa wake na mkono wake wa kuzungusha gurudumu. Shoka kubwa linalohitaji kukazwa tu huenda likala mkaa mchache kuliko kisu kidogo kinachofuliwa upya kutoka springi, na mteja aelezwe hivyo kabla moto haujawashwa.