Kutoka "Ba-" hadi "Tu-": Kicheko na Mikusanyiko ya Kisiasa katika Kiswahili cha Goma

Tarehe 7 Februari 2016, mjini Kigali, timu ya taifa ya Kongo iliilaza Mali mabao 3 kwa 0 na kutwaa kombe la CHAN. Siku 9 baadaye, mjini Goma, vijana 6 wa vuguvugu la LUCHA walikamatwa wakiwa wanatayarisha mabango ya siku ya mgomo wa kubaki nyumbani. Maandishi waliyokutwa nayo yalisema, kwa muhtasari, kwamba mwaka huo kombe limepatikana, na mwaka huo huo demokrasia nayo itapatikana. Walihukumiwa kifungo cha miaka 2, ambacho rufani ilikipunguza kikawa miezi 6.

Ni nadra kwa utani wa sentensi moja kusomwa kwa makini kiasi hicho. Mahakama iliupa uzito ambao wahakiki wa Kiswahili hawajaupa bado, na sababu ya uzembe huu inajulikana. Kiswahili cha Goma kimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa Kiswahili kilichoharibika, na kazi za sanaa zinazotungwa kwa lahaja iliyoharibika huachiwa wanaanthropolojia. Uchunguzi wa Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose kuhusu Kiswahili cha Kivu, pamoja na ule wa Yabacrâne, yaani lugha ya vijana wa mji huo, umekwisha kuonyesha kwamba kinachoitwa uharibifu kina kanuni zake. Linalobaki ni kuonyesha kwamba kanuni hizo zina kazi ya kisanaa na ya kisiasa.

Tuchukue umbo moja tu. Pale Kiswahili sanifu kinaposema "husema", Goma husema "banasemaka". Kiambishi ba- cha mwanzo ni kile cha ngeli ya watu, na -aka ya mwishoni inaonyesha mazoea. Sasa mtu anayesubiri maji bombani, katika mji uliokaa ukingoni mwa Ziwa Kivu na ambao wakazi wake wengi hubeba maji ya ziwa kwa madumu, akisema "banasemaka maji itakuya", amesema mambo matatu kwa pumzi moja. Ahadi imetolewa, imetolewa mara nyingi hata ikawa tabia, na walioitoa hawakutajwa. Msemaji hakumtaja gavana, wala shirika la maji, wala waziri. Hata hivyo kila aliyepo anacheka, maana kila aliyepo anawajua hao "ba-". Katika sanifu, "husema" haina hata kiambishi cha mtenda. Hapa mtenda yupo, amevishwa kofia tu.

Huu ndio msingi wa kejeli ya Goma, iwe ndani ya nganda, kwenye zamu ya maji, au katika mkutano wa likelemba baada ya fedha kuhesabiwa. Kiambishi kisicho na jina kinamlinda msemaji, na papo hapo kinawaunganisha wasikilizaji: anayecheka amekiri kwamba naye anawajua. Jumuiya ndogo imezaliwa. Lakini udhaifu wake nao umo humo humo. "Ba-" asiyetajwa hawezi kudaiwa chochote. Wacheshi wakisha kucheka huinua madumu yao, na "ba-" hubaki alipokuwa. Mhakiki anayesifu kila kicheko cha wanyonge kuwa ni upinzani angefanya vyema kukaa kwenye zamu hiyo hadi mwisho.

Kongo imekwisha kulijua tatizo hili katika jukwaa jingine. Mnamo 1986, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilitunga mchezo kwa Kiswahili cha Shaba kutokana na usemi kwamba utawala huliwa mzima. Johannes Fabian, aliyeshuhudia utunzi huo tangu mwanzo na kuuandikia kitabu mwaka 1990, anaeleza jinsi wasanii walivyobishana juu ya maana ya usemi wenyewe kabla ya kupanga hata onyesho moja. Mchezo ukawekwa kijijini, kwa mtemi na watu wake. Chini ya Mobutu haikuwezekana kuuweka mahali pengine, na haikuhitajika, kwa kuwa hadhira ilijua ni nani anayekula. Tena, sehemu bora zaidi ya kazi hiyo huenda si onyesho lenyewe, bali ule ubishi wa mazoezini, watu wazima wakikaa pamoja na kuulizana kwa vicheko na kwa hasira ni nani hasa anayekula, na analiwa nani.

Katika miaka ya 2010 Goma ilipata mikusanyiko ya namna tofauti kabisa, na hapa tahakiki inapaswa kuwa ya haki. Tamasha la Amani lilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014, miezi michache baada ya M23 kushindwa vitani mnamo Novemba 2013, katika uwanja wa Collège Mwanga. Wapo waliolibeza kuwa ni ngoma ya wafadhili. Hao wanasahau kwamba kwa mji uliotekwa Novemba 2012, makumi ya maelfu ya watu kusimama pamoja kwa siku tatu bila kukimbia mlio wowote lilikuwa tukio lenye maana yake. Kasoro ya nyimbo nyingi za aina hiyo iko kwingine, nayo inaonekana kwenye sarufi. Zinaimba kwa "tu-": tupendane, tusameheane, tujenge. Ni "sisi" tupu, isiyo na "wao" mbele yake. Yeyote anaweza kuingia ndani ya "sisi" hiyo, hata yule aliyeuza risasi, na hakuna atakayemuuliza kitu mlangoni. Chérie Rivers Ndaliko, katika kitabu chake cha 2016 juu ya muziki, filamu na ubeberu wa hisani mashariki ya Kongo, ameonyesha jinsi fedha za misaada zinavyoelekeza sanaa kwenye ujumbe ulioandikwa kabla msanii hajafikiri. Kituo cha Yole!Africa, ambacho Petna Ndaliko Katondolo alikiendesha Goma tangu 2002, mwaka ambao lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, kilijaribu njia nyingine: vijana kwanza wajifunze kamera, ngoma na hoja, kisha waamue wenyewe watasema nini.

Sasa turejee kwenye bango la kombe. Nguvu yake ni kwamba linachukua "tu-" ambayo tayari imeshangiliwa barabarani. Uwanjani walicheza 11, lakini mji mzima ulisema "tumeshinda", wala hakuna aliyecheka dai hilo. Bango linauliza kwa upole: ikiwa "tu-" hiyo ni ya kweli kwa mpira, kwa nini isiwe ya kweli kwa kura? Na kwa kutaja mwaka, yaani 2016, ambamo muhula wa pili na wa mwisho wa Rais Kabila kikatiba ulikuwa unamalizika, linamtaja na "ba-" bila kuandika jina lake. Kofia imevuliwa kwa tarakimu nne. Mahakama haikuhitaji kufafanuliwa.

Si kwamba bango halina dosari. Kombe lile lile lilisherehekewa na serikali pia, na "sisi" ya mpira ni mali ya yeyote anayewahi kuishika. Vilevile kombe hupatikana kwa wachezaji wateule, ilhali demokrasia haina kikosi cha kwanza na watu wa akiba. Sitiari ikivutwa sana inakatika. Zaidi ya hapo, LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, imeandika matamko yake mengi kwa Kifaransa, huku ikikipa Kiswahili sehemu ya kauli za barabarani. Mama anayebeba dumu alitakiwa kuandamana kwa ajili ya maji kwa lugha yake, kisha kusomewa sababu zake kwa lugha ya ofisi. Vuguvugu la Filimbi angalau lilichukua jina lisilohitaji mkalimani. Kwa upande mwingine, watawala wenyewe waliitambua nguvu ya starehe iliyochanganywa na hoja. Machi 2015, huko Masina, Kinshasa, polisi walivamia mkutano uliowakutanisha vijana wa Kongo na wenzao wa Y'en a Marre ya Senegali, vuguvugu lililoanzishwa na wanamuziki wa rap na waandishi wa habari, na Balai Citoyen ya Burkina Faso. Fred Bauma wa LUCHA alikaa gerezani hadi Agosti 2016.

Wapo walioiacha "ba-" kabisa. Mwimbaji Delcat Idengo hakumung'unya maneno. Rais Tshisekedi mwenyewe alitajwa, na mwaka 2021 mwimbaji huyo alifungwa. Januari 2025, M23 ilipoiteka tena Goma, gereza la Munzenze lilivunjwa, naye alikuwa miongoni mwa waliotoka. Tarehe 13 Februari aliuawa kwa risasi mjini humo.

Tangu hapo msamiati wenyewe umehama. Neno "wazalendo", ambalo wanaharakati wangaliweza kulidai kwa haki, lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na makundi yenye silaha. Mabango yakatoweka, na wanaharakati wengi wakauhama mji. Lakini utani wa maji bombani ungeweza kusimuliwa baada ya Januari 2025 kama ulivyosimuliwa mwaka 2015, bila kubadilisha hata sauti moja, ingawa waliokaa ofisini walikuwa wengine. Anayepita akiusikia hawezi kujua "ba-" ni nani. Wale wanaochota maji wanajua, na wakati mwingine wanaangaliana kwanza kabla ya kucheka.