Maana Nne za "Kuachiwa Huru": Uhakiki wa Usahihi wa Kamusi Elezo ya Mtandaoni katika Kesi ya Mauaji ya Meredith Kercher

Usahihi wa makala ya kamusi elezo hupimwa aghalabu kwa kukagua tarehe, majina na idadi. Sehemu hii inakiona kipimo hicho kuwa hakitoshi. Hoja inayotetewa ni kwamba makala inaweza kuwa na tarehe sahihi na marejeo timilifu, na bado ikampotosha msomaji kwa sababu ya kitenzi kimoja. Kesi iliyoteuliwa kuthibitisha hoja hiyo ni ya Perugia, Italia, kwa kuwa ni nadra kupata shauri la jinai ambalo uamuzi wake umepinduliwa mara nyingi kiasi hicho mbele ya macho ya dunia nzima.

Meredith Kercher, mwanafunzi Mwingereza mwenye umri wa miaka 21, aliuawa usiku wa tarehe 1 Novemba 2007. Rudy Guede alitiwa hatiani mwaka 2008, akahukumiwa kifungo cha miaka 30 kilichopunguzwa baadaye hadi miaka 16. Amanda Knox, raia wa Marekani, na Raffaele Sollecito, Mwitaliano, walitiwa hatiani Desemba 2009. Mahakama ya rufaa iliwafutia hatia ya mauaji Oktoba 2011. Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Machi 2013. Mahakama ya Florence ikawatia tena hatiani Januari 2014. Na tarehe 27 Machi 2015 Mahakama ya Juu ikafunga shauri kwa kuwafutia hatia moja kwa moja.

Wikipedia huongozwa na kanuni ya uthibitikaji: mhariri hutakiwa kuonyesha jambo limechapishwa wapi, wala hapewi mamlaka ya kuamua mwenyewe ukweli wake. Kwa makala kuhusu mlima au mto, kanuni hiyo inatosha kwa sehemu kubwa. Kwa shauri lililo mahakamani, inazalisha hali ya ajabu. Sentensi isemayo kwamba Knox ni mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji ilikuwa na marejeo thabiti Januari 2010, ikakosa mashiko Novemba 2011, ikayapata tena Februari 2014, kisha ikayapoteza kabisa mwaka uliofuata. Mhariri wa kila kipindi angeweza kuapa kwamba amefuata kanuni, na angekuwa mkweli. Ukurasa wenyewe husahihishwa; lakini sentensi iliyokwisha kunakiliwa kwingine, au kutafsiriwa, haimrudii mhariri ili irekebishwe.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia na tatizo lake mahususi. Katika uandishi wetu wa habari, "kuachiwa huru" ni tamko la kawaida mno kiasi kwamba halizui swali. Litumike katika kesi hii tuone. Novemba 2007 mwenye baa mmoja, mzaliwa wa Kongo, aliyekamatwa kwa sababu Knox alimtaja mbele ya polisi, aliachiwa huru baada ya takribani wiki mbili, ilipobainika kuwa alikuwa kazini kwake usiku ule. Oktoba 2011 Knox aliachiwa huru kwa uamuzi ambao baadaye ulitenguliwa. Machi 2015 yeye na Sollecito waliachiwa huru kwa uamuzi wa mwisho usemao kwamba hawakutenda kosa lile. Novemba 2021 Guede naye aliachiwa huru. Huyu wa mwisho hakufutiwa chochote; alimaliza kifungo chake. Sentensi nne, kitenzi kimoja, na hakuna hata moja iliyo ya uongo. Hata hivyo, msomaji asiye na habari nyingine atawaweka watu hawa wote katika kapu moja.

Anayedhani huu ni ubishi wa maneno matupu akumbuke mahakama za Tanzania. Mshtakiwa ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka amemwondolea mashtaka huripotiwa kuwa "ameachiwa huru", ilhali sheria inaruhusu akamatwe tena kwa kosa lilelile, jambo ambalo limewahi kutokea hapohapo katika viwanja vya mahakama. Aliyeonekana hana hatia baada ya kusikilizwa naye huripotiwa kwa maneno hayohayo. Kwa mtu na familia yake, tofauti hiyo si ya kimtindo.

Udhaifu mwingine ni wa neno "mauaji", lisilobainisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, ingawa mahakama zetu hubainisha. Hilo ni jepesi kurekebishwa, kwa kuwa istilahi zipo.

Si haki, hata hivyo, kuonyesha upungufu tu. Kosa ambalo Knox aliendelea kubeba, la kumtaja mwenye baa yule, Waingereza hulitafsiri mara nyingi kwa neno la kumchafulia mtu jina, na tafsiri hiyo inapunguza uzito wake. Katika sheria ya Italia ni kumshtaki mtu mbele ya mamlaka huku ukijua kuwa hana hatia. Kiswahili kina "kumsingizia", neno linalokaribia zaidi kiini cha kosa. Mtafiti anaona ni ajabu kwamba watafsiri wa habari huliruka na kuandika "kashfa".

Inapendekezwa, basi, kwamba kila kitenzi cha hukumu kiambatane na mahakama na tarehe yake, na kwamba "kuachiwa huru" kupishe "kufutiwa hatia", "kuondolewa mashtaka" au "kumaliza kifungo" kadiri ya tukio. Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba sentensi zitakuwa nzito. Zitakuwa nzito kweli. Lakini shauri hili la kusingizia lenyewe lilifikishwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo Januari 2019 iliona kwamba haki za Knox zilikiukwa alipohojiwa bila wakili. Likafunguliwa upya, naye akatiwa tena hatiani Florence Juni 2024, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo Januari 2025. Anayeandika leo kwamba Knox "aliachiwa huru" pasipo kutaja kosa, mahakama na mwaka, bado hajasema ni katika shauri lipi.