Jembe Lilipokelewa, Udadisi Ukaachwa

Katika Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili ya kudadisi, na uwezo wa kupima mambo ya wengine na kuyapokea au kuyakataa. Shule zikapokea shamba. Twaona kosa si la walimu peke yao: kijitabu chenyewe chaeleza shamba la shule kwa kirefu, bali juu ya namna ya kuuliza swali darasani chasema machache mno. Mtoto wa Lupepo, huku Rungwe kwenye migomba na chai, jembe alilijua kabla ya shule. Nasi wachungaji tusicheke. Katekisimo Ndogo ya Luther (1529) huuliza maana kwa kila amri. Katika kipaimara mtoto hukariri hata hiyo maana, nasi twampitisha.