Shashi Moja Ndani ya Bomba

Bomba la gesi likimaliza kazi yake huko Marekani, mara nyingi haling'olewi. Huzibwa na kuachwa humo humo ardhini. Kabla ya kuzibwa huja mtu mwenye glavu, chupa ndogo ya kioo na kipande cha shashi. Anatafuta PCB, kemikali za klorini ambazo zamani zilitiwa kwenye vilainishi vya baadhi ya kompresa za kusukumia gesi. Zilivuja kidogo kidogo, zikasafiri na gesi mbali sana na zilikotoka. Utengenezaji wake ulipigwa marufuku mwaka 1979, ila mabomba yalikwisha kuzinywa.

Kinachonivutia ni udogo wa kazi yenyewe. Eneo linalofutwa ni sentimita 10 kwa 10, na kwa eneo hilo kipande kizima cha bomba huhukumiwa. Ndiyo maana fundi mzuri hulisoma bomba kwanza: limelalaje, linateremkia wapi. Mafuta hutuama chini, kwa hiyo sampuli huchukuliwa chini. Ukifuta juu utapata jibu safi, tena la uongo. Bomba lililokwisha kukatwa lina mtego zaidi, maana likishabingirishwa, nani atakumbuka tumbo lake lilikuwa upande gani? Mwangalifu hulitia alama kabla halijanyanyuliwa.

Kukiwa na kimiminika kinachotiririka, hicho ndicho hukingwa na kupimwa. Kukiwa kukavu, shashi hulowekwa kiyeyushi kiitwacho heksani, nayo heksani haina subira: ikikutana na hewa, inatoweka. Mkono uwe tayari. Fundi anafuta kwa kukaza, kwanza mlalo, kisha wima, eneo lote. Shashi inarudi chupani, kifuniko kinakazwa, lebo inabandikwa. Glavu zile hazigusi sehemu ya pili.

Halafu kuna shashi nyingine, iliyolowekwa pale pale lakini isifute chochote, ikapelekwa maabara pamoja na wenzake. Hii naipenda kuliko zote. Ni shahidi dhidi ya fundi mwenyewe: ikikutwa na PCB, uchafu huenda umetoka kwenye mikono yake au vifaa vyake.

Maabarani, kitambuzi chepesi kuhisi klorini, cha aina aliyoibuni James Lovelock mwaka 1957, huchora vilele karatasini. Mchambuzi huvilinganisha na michanganyiko ya PCB inayojulikana: Aroclor 1242 ina klorini asilimia 42, Aroclor 1260 asilimia 60. Kwenye bomba kuukuu vilele vingine vimefifia, vingine vimeingiliana, na hapo mashine peke yake haitoshi. Linatakiwa jicho lililozoea.

Mpaka ni mikrogramu 100 kwa eneo lile lililofutwa, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Bomba nene likifikia hapo, kuziba ncha peke yake hakutoshi. Lisafishwe kwanza, au lijazwe saruji ya majimaji au povu zito angalau nusu ya ujazo wake, ama ling'olewe likatupwe panaporuhusiwa.