Kamerhe: utamu wa ulimi na bei ya neno

Wandugu wasomi, kati yetu kuko wengi wanaoiga Vital Kamerhe wakishika mikro. Mimi pia napenda kumusikiliza. Lakini tukiiga, tujue tunaiga nini.

Nianze na sifa. Huyu mtoto wa Bukavu, aliyeongoza Bunge la Taifa mara mbili, anaongea Kifaransa na lugha zetu nne: Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Ile si pambo tu. Mijadala ya Kinshasa inapita mu Kifaransa, na mama wa soko la Kadutu anabaki inje. Kamerhe akigeuza lugha, yule mama anajua sasa anaambiwa yeye. Tena hana haraka: anasalimia, anasifu, anachekesha, ndipo anaingia katika jambo.

Lakini kwangu, neno lake lenye nguvu kuliko yote halikuwa na utamu hata kidogo. Mwezi wa 1 mwaka 2009 jeshi la Rwanda liliingia Kivu ya Kaskazini kutafuta FDLR pamoja na jeshi letu, ile operesheni Umoja Wetu. Kamerhe, akiwa mkubwa wa Bunge, akasema kwenye Radio Okapi kwamba Bunge halikujulishwa, na kama ni kweli, jambo ni zito. Njo vile tu. Chama chake mwenyewe, PPRD, kikamugeukia. Tarehe 25 mwezi wa 3 akaacha kiti.

Kwa nini maneno machache vile yalitikisa inchi? Juu kila mtu aliweza kuyapima: Bunge lilijulishwa ao hapana? Tena msemaji mwenyewe alikuwa na kitu cha kupoteza. Katiba, kifungu cha 107, inakinga mbunge asishitakiwe juu ya maoni anayotoa katika kazi yake. Haimukingi na chama chake.

Mtu atasema: ile ilikuwa radio, si Bunge. Kweli, na njo lawama yangu. Mu Bunge tumezoea kusikia shukrani ndefu, vyeo na makofi, halafu swali lenyewe linakuja mwisho, limechoka.

Na utamu haulindi kiti. Mwezi wa 5 mwaka 2024 wabunge walimurudisha Kamerhe juu kwa kura nyingi. Mwezi wa 9 mwaka 2025 wengi wakasaini petisio ya kumutoa, na tarehe 22 akajiuzulu. Ulimi ulikuwa uleule.

Kikao cha mwezi wa 3 kinafungwa tarehe 15 mwezi wa 6, kisha onorabule wetu wanarudi kutusalimia. Tusihesabu makofi. Kifungu cha 138 kinawapa swali la mudomo, swali la maandishi na interpelasio. Basi tuwaulize: uliuliza waziri gani, juu ya nini, na alijibu nini? Asiye na jibu, hata akiongea lugha tano, hajasema kitu.