Chungu cha Kikisi Kinavyopanda Tukuyu

Tukuyu iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini kabisa, kwenye meta 475 hivi. Chungu cha Kikisi kinachouzwa Tukuyu kimeupanda mwinuko huo wote. Kilianza safari kwa mtumbwi, kikitoka vijiji vya Wakisi kama Ikombe vilivyobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone, kikashushwa upande wa Matema kwenye mnada wa Jumamosi, kisha kikapakiwa garini na kuletwa huku kwenye migomba na chai. Na kimefika kizima.

Kiinue kwanza. Kwa ukubwa wake ungetarajia uzito, lakini ni chepesi, kwa sababu ukuta wake ni mwembamba. Mfinyanzi, ambaye kwa desturi ya Wakisi ni mwanamke, hana mashine wala gurudumu la kukanyaga. Chombo hukizungusha kwa mkono, huku mkono wa pili ukiupandisha udongo, ukibana hapa na kuachia pale. Akikosea unene, kosa halionekani saa ile. Litamsubiri motoni: palipo nene hukauka kwa kuchelewa, unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke, na chungu hupasuka na kazi yote iliyotangulia. Kwa hiyo vidole vinapima kile ambacho macho hayakioni, tena mzunguko mzima, kuanzia tumboni hadi mdomoni. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo la kustahiwa kuliko pambo lolote.

Mapambo nayo yapo, ya rangi nyekundu na nyeupe ya udongo, yamekaa mabegani mwa chungu pasipo kujaa kupita kiasi. Lakini kabla ya rangi kuna kusugua, kazi ndefu isiyosifiwa na mtu, inayoziba vitundu vya udongo na kuufanya uso uwe laini. Kuna kusubiri kikauke kivulini, bila haraka. Halafu moto wa wazi, wa kuni na majani, usio na mlango wa kufunga wala kipimo cha joto. Upepo wa ziwa ukibadilika, mama huyo anajua la kufanya. Mnunuzi mzoefu hukigonga chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Kwa nini Wakisi wakawa mabingwa? Ardhi yao ni ukanda mwembamba wenye miteremko mikali, mashamba ni haba. Ziwa liliwapa samaki, udongo ukawapa vyungu, na kwa vitu hivyo walijipatia chakula kutoka kwa Wanyakyusa, wenye ndizi na maharage tele. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, aliwaandika pia Wakisi katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu watu wa ukanda ulio kati ya Nyasa na Tanganyika. Mbalaga, chakula cha ndizi, iliyopikwa Rungwe kwenye chungu kile ilikuwa kazi ya makabila mawili.

Siku Tukuyu itakapokuwa na ukumbi wake wa maonyesho ya historia na mazingira, bila shaka kipunji atapewa ukuta. Anastahili. Kima huyo wa Mlima Rungwe alitangazwa kisayansi mwaka 2005, lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla ya hapo, na maneno yao ndiyo yaliyowafanya watafiti waanze kumtafuta. Basi kama wawindaji hao wanavyostahili kutajwa, chungu nacho kisiwekwe pale kama kitu kilichojitengeneza. Aitwe mfinyanzi mwenyewe, alipwe siku zake za kazi, akae na udongo wake mbele ya watoto wa shule, nao wauguse.

Wewe msomaji usisubiri ukumbi. Nenda Matema Jumamosi, ugonge, usikilize, na bei ukitajiwa usimkandamize mama wa watu.